Karatasi Ibaki Kwako, Picha Yake Isafiri

Mazungumzo na familia zilizohamishwa na viongozi wao, Tenke, jimbo la Lualaba



Kamati yenu iliniomba nije kuzungumza juu ya kazi ndogo ambayo vijana wanaifanya kila siku bila kuifikiria sana, yaani kupiga karatasi picha kwa simu. Mzee wa kamati aliniuliza, "Picha ya karatasi ina nguvu gani mbele ya wakubwa?" Mama mmoja aliyeketi nyuma yake akaongeza, "Na ni nani atakayezishika hizo picha zetu?" Maswali hayo mawili yalikuwa mazuri kuliko hotuba niliyokuwa nimeitayarisha, basi hotuba nimeiacha nyumbani, leo nitayafuata hayo.

Tuanze na ule mfuko. Katika nyumba nyingi nilizoingia hapa Tenke na kule Fungurume, karatasi zote za jamaa zinakaa mahali pamoja: ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya sanduku la bati, sanduku chini ya kitanda. Ukiufungua unakuta kadi ya uchaguzi ya baba, cheti cha kuzaliwa cha mtoto mmoja (wenzake hawana), bulletini za shule, karatasi ya kununua kiwanja iliyoandikwa kwa kalamu na kutiwa saini na mashahidi, barua ya chifu. Kwa wale waliohamishwa kwa ajili ya mgodi kuna pia fishi ya hesabu, ile ambayo watu wa kampuni waliandika miembe mingapi, migomba mingapi, nyumba ya vyumba vingapi. Ukitazama mihuri unasoma historia yetu. Mmoja umeandikwa Shaba, jina tulilobeba tangu 1971 mpaka 1997. Mwingine Katanga. Ule mpya ni Lualaba, jimbo lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa vipande vinne.

Adui za mfuko huo mnazijua: mchwa, panya, mshumaa, mvua ya Januari inayopita katika tundu la bati. Lakini kuna karatasi ambazo hazingoji adui, zinakufa zenyewe. Kadi za uchaguzi zilizotolewa mwaka 2023, kwa watu wengi maandishi na picha vilianza kufutika kabla hata ya kura ya Desemba mwaka uleule. Na kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha wengi wetu, kwa sababu nchi imeishi miaka mingi bila kuwapa raia wote kadi ya utambulisho ya taifa. Zile risiti laini zinazotoka katika mashine nazo ni hivyo hivyo. Zinachapwa kwa joto, na joto ndilo linaloziua. Iweke juani au karibu na mbabula, baada ya muda umebaki na karatasi nyeupe.

Wako watakaosema: hata yangu ikipotea, kampuni inayo nakala, serikali inayo nakala. Inawezekana. Lakini tazameni mambo yalivyokwenda hapa kwetu. Mgodi wa Tenke Fungurume ulitoa shaba yake ya kwanza mwaka 2009, ukiwa mikononi mwa Freeport-McMoRan ya Marekani. Mwaka 2016 Freeport iliuza sehemu yake kwa China Molybdenum, ambayo leo inaitwa CMOC. Simlaumu mtu kwa hilo, makampuni huuza na kununua. Nauliza tu: mwenye ofisi akibadilika, mkuu wa idara akirudi kwao, kabati likihamishwa, ni nani mwenye haja ya fishi yako kuliko wewe mwenyewe? Upande wa serikali ni vilevile. Kabla ya 2015 mji mkuu wa jimbo letu ulikuwa Lubumbashi, leo ni Kolwezi. Karatasi yenye muhuri wa zamani inaweza kumzungusha mtu kati ya miji hiyo miwili mpaka nauli imwishie.

Sasa nisogee kwenye jambo zito kidogo, na naomba tulisikilize kwa utulivu, kwa maana humu ndani tuna watu wa pande zote.

Tenke ni njia panda ya reli. Hapa njia inayotoka Lubumbashi na Likasi inakutana na ile ya Kolwezi, na nyingine inapanda kwenda Kamina na Kasai. Wazee wa hapa hawahitaji kitabu kuwaeleza yaliyopita mwaka 1992 na 1993, watu wengi sana wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga. Wengine walilala miezi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na treni hizo zilipita hapa. Watu waliondoka na kile mkono ulichoweza kubeba. Nyumba nyingine ziliachwa wazi, nyingine ziliuzwa kwa bei ya mtu anayekimbia. Miaka ikapita, wengine wakarudi. Aliyerudi anakuta mtu ndani ya nyumba, na yule aliye ndani alinunua kwa mtu wa tatu, naye wa tatu alishakufa. Kila mmoja ana neno lake, na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake ni mwizi.

Mimi kazi yangu ni ya amani, sikusomea nyumba wala viwanja. Lakini ugomvi mwingi ninaoletewa una karatasi ndani yake, karatasi iliyokuwapo na sasa haipo. Hapo kelele inachukua nafasi ya maandishi, na nyuma ya kelele kabila linaingia.

Nitawapa mfano mmoja, bila jina la mtu wala la kijiji. Mama mjane alihamishwa na jamaa yake kutoka kijiji kilichokuwa karibu na kilima cha mgodi. Malipo ya shamba yalipokaribia, shemeji yake akasimama mbele ya wazee akasema shamba lile lilikuwa la kaka yake, basi sasa ni lake. Fishi ya mama ilikuwa ile nakala ya chini ya kaboni, imefifia, na maji yalikuwa yameingia upande mmoja. Hakuna aliyeweza kuisoma. Ila kijana wake alikuwa ameipiga picha siku ileile ya hesabu, pande zote mbili. Katika picha yalionekana majina ya mashahidi watatu, na mmoja wao alikuwa mzee aliyekuwa ameketi palepale barazani. Yule mzee akavaa miwani, akasoma jina lake mwenyewe, akacheka, akasema: "Niliandika hapa kwamba shamba ni la mama huyu." Picha haikutoa hukumu. Ilimkumbusha shahidi tu, kisha shahidi akasema. Baadaye wakaenda wakatafuta nakala nyingine kwa chifu, na mambo yakaisha bila mtu kwenda polisi. Shemeji na mama wanasalimiana hadi leo. Kwangu mimi, huko kusalimiana ndiyo matunda ya kazi.

Ukitaka mfano wa mbali, nenda Kosovo, Ulaya. Mwaka 1999, vita vilipokuwa vikali, watu wengi waliofukuzwa walinyang'anywa karatasi zao mpakani, na vitabu vya serikali vya kuandikisha ardhi vilichukuliwa vikapelekwa Serbia. Vita viliisha, lakini hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kiwanja hiki ni cha nani. Septemba 2011, pande mbili ambazo hazikupendana hata kidogo zilikubaliana, Umoja wa Ulaya ukiwa katikati, kwamba vitabu vile vya zamani viskaniwe, na nakala zile zilinganishwe na zile zilizobaki Kosovo. Kazi ilikwenda polepole. Lakini tazameni, watu walioshindwa kukubaliana juu ya nchi waliweza kukubaliana juu ya kuskani.

Na karibu na hapa, Kolwezi. Mwaka 2023 Amnesty International na shirika la IBGDH la Kolwezi walitoa ripoti juu ya watu walioondolewa kwa ajili ya migodi ya shaba na kobalti. Walisema na watu zaidi ya 130, lakini hawakuishia kwenye maneno. Walikusanya barua na karatasi, walitazama picha za watu na picha zilizopigwa na setilaiti. Mojawapo ya mahali walipoandika habari zake ni Mukumbi, makazi ambayo wakaaji wake wa zamani walieleza kwamba yalichomwa moto na askari Novemba 2016. Nyumba inapoungua, mfuko ulio chini ya kitanda nao unaungua. Basi shahidi wako asiwe mmoja, na asilale nyumba moja na wewe.

Haya, kazi yenyewe. Vijana, sogeeni, hapa nitasema polepole.

Picha ya kawaida na kuskani ni ndugu, lakini hawafanani. Unapopiga picha ya kawaida unapata karatasi pamoja na meza, kivuli cha kichwa chako na mguu wa kuku aliyepita. Programu ya kuskani inatafuta pembe nne za karatasi, inakata pembeni, inainyoosha, na inaweza kuunganisha kurasa nyingi kuwa faili moja ya PDF. Kwenye simu ya Android, Google Drive ina sehemu ya kuskani ndani yake, hulipi kitu. Kwenye iPhone ipo ndani ya programu ya Notes. Vijana wengi hapa wanatumia CamScanner, basi niwaambie kwamba mwezi Agosti 2019 watafiti wa Kaspersky walikuta msimbo wa hatari ndani ya toleo lake la Android, Google ikaitoa kwanza kwenye duka lake, kisha ikarudi baada ya kusafishwa. Wengine walizoea Microsoft Lens, na mwaka 2025 Microsoft ilitangaza kwamba inaiondoa. Sisemi haya niwatishe. Programu ni kama jembe la kuazima, siku moja mwenyewe atalichukua. Kwa hiyo usiache karatasi zako ndani ya programu. Zitoe kila mara ziwe PDF, uziweke mahali ambapo programu nyingine yoyote inaweza kuzifungua.

Mwanga ndiyo nusu ya kazi. Piga asubuhi, mlangoni au dirishani, mahali penye mwanga wa mchana lakini bila jua moja kwa moja. Usitumie taa ya simu, inaacha doa jeupe katikati, na mara nyingi doa linakaa palepale kwenye namba. Tandika kitambaa cheusi au kitenge cha rangi iliyoiva chini ya karatasi ili simu ione pembe zake. Futa kioo cha kamera kwanza. Vumbi letu jekundu la Tenke linaingia kila mahali, na picha nyingi mnazozilaumu ni za kamera chafu tu. Karatasi iliyokunjwa ikunjue polepole. Kama imelowa, iache ikauke kivulini, usiipige pasi. Simu iwe sawa juu ya karatasi, isilale upande.

Piga mbele na nyuma, hata kama nyuma unaona hakuna kitu. Nyuma ndiko karani anakoandika tarehe ya kupokea, ndiko muhuri wa pili unakokaa. Na karatasi yenye kurasa tano ina kurasa tano. Nimeshaletewa mkataba wenye ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu, kwa sababu mwenyewe aliona ya katikati ni maneno mengi. Bei ilikuwa katikati.

Kuna kitu kimoja ambacho vijana wanakipenda na mimi nakipinga. Programu nyingi, ukimaliza kupiga, zinageuza karatasi kuwa nyeusi na nyeupe ionekane safi kama imetoka kwenye mashine. Msikubali. Muhuri wa buluu unapauka, maandishi ya penseli yanapotea, dole gumba la zambarau linageuka kuwa doa. Na karani mwenye mashaka akiona karatasi ya mwaka 1988 inang'aa namna hiyo, atasema umeitengeneza. Chagueni rangi za asili. Karatasi kuukuu ionekane kuukuu, na doa la chai libaki, doa la chai nalo ni shahidi. Usirekebishe neno, hata kama karani aliandika jina lako vibaya. Kubadili maandishi ya karatasi ni kughushi, na kughushi kunapeleka mtu gerezani hata akiwa na haki katika neno lenyewe. Jina lililoandikwa vibaya linarekebishwa ofisini.

Kabla hujairudisha karatasi mfukoni, jaribu hivi: fungua picha, ivute iwe kubwa, usome namba ndogo kuliko zote, ile iliyo ndani ya muhuri. Ukiisoma, kazi imeisha. Usipoisoma, rudia.

Kisha ipe jina. Simu inaita faili kwa namba isiyo na maana, na baada ya miezi sita hakuna atakayeikumbuka. Andika mwaka, mwezi na siku ya karatasi, kisha aina yake, kisha jina la mwenyewe: "2014-06-03 kiwanja mama fulani". Ukianza na mwaka, simu itazipanga zenyewe kwa kufuatana. Hakikisha pia tarehe ya simu yako ni ya kweli. Simu nyingine nimezikuta zinaishi bado mwaka 2015, na siku utakapotaka kuonyesha kwamba picha ilipigwa kabla ya ugomvi, tarehe hiyo itakugeukia.

Ziwekwe wapi? Nasema mahali patatu. Kwanza ndani ya simu, ukiifunga kwa namba ya siri. Tunaacha simu kwa mtu wa kuchaji mchana kutwa, na ikilala pale bila kufungwa, mfuko wako wote umelala pale. Pili, ndani ya kadi ndogo ya kumbukumbu ambayo haikai katika simu, iliyofungwa vizuri na kuwekwa kwa ndugu wa mji mwingine, Likasi au Lubumbashi. Tatu, kwenye akaunti ya barua pepe au ya Google, ambayo inatoa nafasi ya bure ya gigabaiti 15. Karatasi za jamaa nzima hazijazi hata kona yake. Ila neno la siri lijulikane na watu wawili wa nyumba ile, mume na mke, au mama na binti mkubwa. Nimekutana na akaunti zilizokufa pamoja na mwenyewe.

Mkituma kwa WhatsApp, mtume kama dokumenti, msitume kama picha. WhatsApp inabana picha ili zisile megabaiti, na kinachobanwa kwanza ni zile herufi ndogo. Wasio na simu watumie ya mtoto wa jirani, hakuna haya, lakini mkimaliza mfute picha kwenye galari na kwenye kikapu cha vilivyofutwa pia, na muulize kama simu ile inajipeleka yenyewe picha kwenye akaunti ya mwenyewe. Na ukienda kuskani kwenye kibanda cha fotokopi, simama pale mpaka faili lako lifutwe kwenye kompyuta yao. Nyingi ya kompyuta hizo zimejaa diploma na vyeti vya watu waliokwisha kuondoka.

Nirudi sasa kwa swali la mzee: nguvu yake ni gani?

Picha haifanyi karatasi dhaifu kuwa na nguvu. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Taifa, na kinachothibitisha haki ya mtu juu ya kiwanja ni cheti cha kuandikishwa kinachotolewa na mwandikishaji wa hati za ardhi. Wengi wetu hatuna cheti hicho. Tuna karatasi ya mauzo na barua ya chifu. Hizo ni mwanzo wa ushahidi, na picha yake ni picha ya mwanzo huo, haizidi hapo. Sheria yetu ya mikataba, ile dekri ya tarehe 30 Julai 1888 tuliyorithi, inasema nakala inaaminika kwa yale yaliyomo katika karatasi ya asili, na asili inaweza kudaiwa ionyeshwe. Kwa hiyo, usitupe asili kwa kuwa una picha. Kanuni ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ilifungua mlango kwa maandishi ya elektroniki kuwa ushahidi, lakini inataka ijulikane ni nani aliyeyaandika na kwamba hayakuguswa. Picha iliyozunguka katika simu ishirini bila jina ni vigumu kuipitisha katika mlango huo.

Kwa karatasi zile kubwa, kiwanja, ndoa, diploma, nashauri mwende mbele kidogo. Pelekeni asili pamoja na fotokopi kwenye ofisi ya serikali ya mahali au kwa mnotari, wazilinganishe, waigonge fotokopi muhuri wa kwamba inafanana na asili. Kisha skanini na ile yenye muhuri. Na asili ikipotea, picha itakusaidia kuomba nyingine, kwa maana inaonyesha namba, tarehe, ofisi na jina la karani. Mtu mwenye namba anatafutiwa faili. Mtu asiye na namba anaambiwa arudi wiki ijayo.

Juu ya vyeti vya kuzaliwa nitasema kifupi. Sheria inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto bila malipo. Zikipita, lazima hukumu ya mahakama ya watoto. Hakuna simu inayoweza kuskani cheti ambacho hakikuandikwa, basi wenye watoto wachanga, nendeni.

Sasa neno ambalo kwangu lina uzito kuliko yote ya leo. Msingoje karatasi iwe kuukuu ndipo mpige picha. Ipigeni kabla ya kuweka kidole. Siku watu wa hesabu watakapokuja, wa kampuni au wa serikali, fishi itajazwa mbele yako, kwa Kifaransa, na utaambiwa weka dole gumba hapa. Kanuni ya Migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, pamoja na taratibu zake za mwaka huohuo, inasema juu ya fidia na juu ya kuhamisha watu. Si huruma ya mtu, ni sheria. Basi sema kwa adabu: "Baba, au mama, naomba niipige picha kwanza, nimtumie mtoto wangu aliye Lubumbashi anisomee." Robo saa inatosha. Mtoto atasoma, atakuambia: mama, wameandika miembe minne na wewe una kumi na mmoja. Wakati huo kalamu bado iko mkononi mwa karani na miembe bado imesimama. Baada ya kidole, na baada ya tingatinga, utabishana juu ya miti ambayo hakuna awezaye kuihesabu tena. Piga picha na shamba lenyewe, nyumba, kisima, kaburi la wazee, huku mtu wa jamaa amesimama kando ili ukubwa uonekane. Akikukatalia kupiga picha ya fishi, usigombane. Andika siku, saa, majina ya waliokuwapo, umpelekee chifu habari siku ileile.

Linabaki swali la mama: nani atazishika?

Hapa nasema na ninyi viongozi, na mnisamehe nikisema waziwazi. Wazo linakuja haraka kwamba kamati ikusanye karatasi za watu wote, mtu mmoja aziskani zote, ziwekwe katika simu moja ya kiongozi. Ni rahisi, na ni hatari. Kwenye karatasi zetu nyingi kuna sehemu ya asili: jimbo, teritwari, sekta, kijiji. Ukizikusanya za familia mia tatu umetengeneza, bila kukusudia, orodha ya nani ametoka wapi na anakaa nyumba gani. Mwaka 1994, kule Rwanda, kadi ya utambulisho iliyoandikwa kabila ilitumika kwenye vizuizi vya barabarani kuchagua wa kufa. Sisi wenyewe tulishaona treni za 1992 na 1993. Sina shaka na moyo wa kiongozi yeyote aliyeketi hapa. Lakini simu inaibiwa, na kiongozi anabadilika, na uchaguzi unakuja na maneno yake.

Kwa hiyo napendekeza hivi, nanyi mtajadili. Kila familia ishike picha zake yenyewe. Kamati ishike daftari moja tu, lenye jina la mkuu wa nyumba, tarehe ya kuskani na idadi ya kurasa, bila asili, bila namba za kadi. Karatasi za pamoja, kama barua kwa kampuni, muhtasari wa mikutano na mapatano na kijiji kilichotupokea, hizo kamati iziskani, nakala moja ikae kwa chifu mwenyeji na nyingine kwa waliohamishwa. Mapatano yenye nakala upande mmoja tu huwa na maneno mawili baada ya mvua mbili. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa isipelekwe kadi ya mtu hata moja. Na hakuna kiongozi, wala shirika, pamoja na hili letu, wa kuchukua karatasi ya asili ikalale kwake. Mtu akija akisema, "Nipe karatasi zako za asili nikusaidie kulipwa," mwulize kwa nini fotokopi haimtoshi.

Wamama mniruhusu neno moja zaidi. Sanduku mara nyingi lina ufunguo mmoja, na ufunguo uko kwa baba. Baba akisafiri kwenda kuchimba, au Mungu akimwita, mama anaanza kuomba karatasi za nyumba yake mwenyewe kwa mashemeji. Wababa, mkiskani, picha ziingie katika simu mbili siku hiyohiyo. Naona wengine mnacheka, lakini mlisikia habari ya yule mjane.

Alhamisi ijayo, kuanzia saa mbili asubuhi, tutatandika meza nne hapa chini ya bati. Kila meza itakuwa na kijana mmoja tuliyemfundisha na kitambaa cheusi. Mwenye karatasi ataketi kando yake, hataiacha karatasi yake mezani akaenda, na picha zitapigwa kwa simu ya mwenyewe. Asiye na simu aje na kadi ya kumbukumbu, au na ndugu mwenye simu anayemwamini. Wazee na wajawazito watangulie. Hatulipishi kitu, na mtu akiwaomba pesa mje mniambie. Tutaanza na kadi za uchaguzi, hizo ndizo zinazofutika upesi, kisha fishi za hesabu. Mwenye karatasi iliyolowa au kuliwa na mchwa asiigundishe, aje nayo hivyohivyo ndani ya bahasha, tutaitazama pamoja. Sasa nasikiliza maswali.